S, F na Sauti ya Mume Wangu

Kwangu mimi ugonjwa ulianza na mbu. Ilikuwa mwishoni mwa masika, Jumapili mchana, nimejilaza baada ya kutoka kanisani, nikamsikia analia kwenye sikio la kushoto. Nikapiga kofi hewani, nikakung'uta shuka, nikamwita mume wangu aje tumsake. Baba Neema aliingia, akasimama katikati ya chumba kichwa kikiwa upande, akasema hasikii mbu yeyote. Nikamwambia ndiyo maana kila siku wanamuuma yeye.

Kesho yake nilinyunyiza dawa nyumba nzima, tukakaa barazani tunakohoa. Mbu alinifuata barazani. Siku iliyofuata alikuwa na mimi darasani, saa nne asubuhi, jua linawaka, nafundisha kuzidisha. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba huyu mbu hakuwa wa nyumbani kwetu Buswelu. Alikuwa anaishi ndani ya kichwa changu.

Naandika haya kwa sababu sikupata mtu wa kuniambia. Ukiugua tumbo, jirani atakuambia na yeye aliugua, na mjomba wake pia. Masikio watu wanaficha. Mtu anakaa miaka anacheka pale wenzake wanapocheka, bila kujua kimesemwa nini, na anadhani yuko peke yake duniani. Kama wewe ni huyo, mimi mwenzako. Nafundisha darasa la tatu shule ya msingi huku Mabatini, Mwanza, nina miaka hamsini na kitu, na kwa muda mrefu kidogo nilikuwa kiziwi bila kukubali jina hilo.

Kwanza tulifanya kama wanavyofanya wote. Jirani alinipa mafuta ya karafuu. Mwingine akaleta kitunguu saumu kilichochemshwa, nikaenda nacho kanisani sikioni, na benchi langu lote likahamia benchi la nyuma. Zahanati walinisafisha, wakatoa nta ngumu kama punje ya kunde, nikaondoka na furaha kubwa. Nilifika nyumbani nikamwambia mume wangu nimepona. Akanijibu kitu. Nikamuuliza, eeh? Akarudia. Nikamuuliza tena. Akachukua gazeti.

Ni lazima nimweleze huyu mwanaume. Baba Neema anaendesha basi la wafanyakazi wa kiwanda cha mafuta ya pamba Nyakato, anawapeleka alfajiri na kuwarudisha jioni. Ni mtu mpole, ana masharubu yanayofunika mdomo wa juu wote, na anaongea kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Niliolewa naye kwa sababu hiyo ya upole. Sasa upole ule ukawa ugomvi. Nilimwambia anamung'unya maneno. Akasema anaongea vilevile alivyoongea siku ya harusi. Mimi nikaona amebadilika tabia, hataki tena kuzungumza na mimi. Yeye akaona mimi ndiye sitaki kumjibu. Tukawa tunakula ugali kimya kama watu waliokutana kwenye hoteli ya mama ntilie, meza moja, kila mtu na safari yake.

Shuleni nako niliona ajabu. Wanafunzi wangu wote walianza kula herufi. Mtoto anasoma "shangazi" mimi nasikia "angazi". Anasema "safi", nasikia kitu kama "ai". Nilifikiri ni ulegevu wa kizazi hiki, nikawa nawasimamisha mmoja mmoja wafungue midomo. Siku moja binti mmoja wa mbele alinyoosha kidole akaomba ruhusa. Nikamuuliza, sokoni kufanya nini saa hizi? Darasa likacheka. Akarudia. Nikamwambia hakuna mtu kwenda sokoni wakati wa masomo, hata kama ametumwa na mama yake. Yule mtoto aliruka mguu hadi mguu, mwisho akakunja magoti na kuonyesha kwa vitendo, ndipo nikaelewa alikuwa anaomba kwenda chooni. Alikimbia. Nashukuru Mungu choo chetu kiko karibu.

Ukishaacha kusikia unajifunza kuitikia. Huo ndio ugonjwa wenyewe, nadhani, kuliko hata masikio. Unachoka kuuliza mara tatu, unaona uso wa mwenzako unavyokunjamana, basi unasema ndiyo. Katika kikao cha walimu nilisema ndiyo mara mbili, nikatoka humo nikiwa mwenyekiti wa kamati ya mahafali na msimamizi wa timu ya mpira wa pete. Sijawahi kushika mpira wa pete maishani mwangu. Niliposhangaa, mwalimu mkuu alisema kila mtu alifurahi jinsi nilivyokubali bila kusita.

Na ndivyo nilivyompata Wifi Sabina.

Wifi Sabina ni dada mkubwa wa mume wangu, mjane, anakaa Magu. Alinipigia simu kipindi cha kiangazi kinaanza. Simu kwangu zilikuwa shida kuliko chochote, kwa sababu kwenye simu huoni mdomo. Nilisikia salamu, nikasikia neno nyumba, nikasikia mvua. Nikasema ndiyo wifi, sawa wifi, karibu sana wifi. Nikamwambia mume wangu dada yako amesalimia.

Wiki iliyofuata pikapu ilisimama mbele ya nyumba. Akashuka wifi na begi, godoro, na tenga la bata. Paa lake lilikuwa limeezuliwa na mvua za masika, na mimi, kwa maelezo yake, nilikuwa nimemwambia aje akae hadi litakapoezekwa, na bata aje nao, wala asiwaze. Baba Neema alinitazama. Mimi nilitazama bata. Nikasema shikamoo wifi, karibu ndani.

Kwa miaka yote ya ndoa yangu sikupatana sana na Wifi Sabina, na sababu kubwa ilikuwa sauti yake. Alikulia kwenye majaruba ya mpunga, amezoea kumwita mtu aliye ng'ambo ya bonde. Akinong'ona, mbwa wa jirani wanabweka. Lakini jioni ile, mezani, nilitambua jambo lililonifanya niweke kijiko chini. Nilikuwa namsikia. Kila neno. Sikuhitaji kuinama wala kukisia. Nilikuwa sijazungumza na mtu vizuri kwa wiki nyingi, na sasa tulikaa hadi mboga ikapoa, tunaongelea paa lake, tunaongelea bei za mchele, tunaongelea marehemu mume wake na ubishi wake. Nililia kidogo. Wifi alidhani ni kwa ajili ya marehemu, akaguswa sana.

Basi akawa mkalimani wa nyumba. Mume wangu anasema neno, mimi namtazama wifi, wifi analitangaza. Tatizo ni kwamba hakulitangaza kama lilivyo. Baba Neema akisema chumvi imezidi kidogo, wifi ananiambia mume wako anasema unataka kumuua kwa presha. Akisema kesho atachelewa kurudi, wifi ananiambia, anasema atachelewa, mimi ningekuwa wewe ningemuuliza anachelewa wapi. Mume wangu alijaribu kupinga, lakini upinzani wake nao ulibidi upitie kwa wifi.

Mwishowe alikuwa wifi huyohuyo aliyenipeleka hospitali kubwa mjini. Binti yetu Neema, aliyeko Dodoma, alikuwa amenisihi kwa simu, nami nikamjibu ndiyo mama nimekula. Wifi alichukua simu mkononi mwangu, akamsikiliza, akaniambia kesho tunakwenda.

Nataka kuwaeleza kuhusu chumba cha kusubiria cha idara ya masikio, maana hakuna mtu anayekueleza. Fikiria mabenchi yamejaa watu wasiosikia, na nesi mwenye sauti ndogo ya kinanda anatokea mlangoni kuita majina. Anaita. Hakuna anayenyanyuka. Anaita tena, anatazama faili, anaondoka. Watu wanaendelea kutazama ukuta. Mzee mmoja aliyekuwa pembeni yangu, mvuvi kutoka Igombe, alituambia amekuja mara tatu na mara zote ameambiwa aliitwa hakuitikia. Alisema hivyo kwa sauti ya kupasua dari, kwa kuwa na yeye hakuwa anajisikia.

Wifi Sabina alivumilia kwa muda. Kisha akasimama, akamfuata nesi mlangoni, akamwomba lile faili alione jina. Akageuka. Sijui kama nimesikia jina la binadamu likiitwa vile tena. Njiwa waliokuwa kwenye ukingo wa dirisha waliruka. Mtu wa benchi la mwisho alinyanyuka amepigwa na butwaa, akasema, mimi. Tangu hapo wifi aliita majina yote hadi mchana, nesi akampa kiti na chai. Yule mzee wa Igombe alipoitwa alisimama akavua kofia kama yuko mbele ya mkuu wa mkoa.

Daktari alinitazama, akaniambia ndani ya sikio hakuna cha kutoa wala cha kukata. Akanipa vidonge vya kumaliza, nikamaliza, nikarudi, akatikisa kichwa kwa upole na kunipeleka kwa mtaalamu wa usikivu. Huyo alikuwa dada kijana anaitwa Tumaini. Jambo la kwanza nililompendea ni kwamba alivuta kiti akakaa mbele yangu, uso wake kwenye mwanga, kabla ya kufungua mdomo.

Aliniweka kwenye kijumba kidogo kama stoo ya nafaka, kuta zimefunikwa sponji, nikavalishwa spika za masikio na kupewa kitufe. Nikisikia mlio, nibonyeze. Nilibonyeza kwa bidii sana. Tumaini alifungua mlango akaniuliza nabonyeza nini, maana alikuwa bado hajaanza. Nilikuwa nabonyeza kwa ajili ya mbu.

Mara ya pili nilimpuuza mbu, na hapo nikaogopa. Kwa sababu nilimwona Tumaini kupitia kioo, mkono wake unafanya kazi, na mimi nimekaa na kitufe changu sisikii kitu. Kimya kirefu. Nilitamani kubonyeza tu ili nimfurahishe. Nilishazoea kusema ndiyo. Sikubonyeza, na hiyo nahesabu kuwa siku niliyoanza kupona, ingawa nilitoka kwenye kile kijumba machozi yanatoka.

Alinionyesha mchoro. Mstari ulianza juu vizuri, halafu ukaporomoka kama mtu aliyeteleza kwenye miamba yetu hii ya Mwanza. Aliniambia, "Mwalimu, sauti nene bado unazo. Ngoma, gari, ng'ombe, unasikia kama mtu mwingine yeyote. Zilizokutoka ni nyembamba, na humo ndimo zilimo S na F na SH. Ndiyo maana unasikia watu wanaongea lakini hujui wanasema nini."

Nikamwambia basi aongeze sauti. Akatikisa kichwa. Akasema akiongeza zote kwa pamoja, ngoma itanipasua na S bado nitaikosa. Kifaa atakachonipa kitasikiliza kwanza, kitatenganisha nene na nyembamba, kisha kitapandisha zile tu ambazo sikio langu limeziacha, kila moja kwa kiasi chake, kufuata mstari wangu mimi. Cha mtu mwingine nisivae, hata awe pacha wangu.

Alinijaza udongo laini masikioni kuchukua umbo. Ni baridi, na kwa dakika chache husikii kabisa dunia, hata wifi. Watoto wetu walikuwa wamechangishana fedha. Tukasubiri vifaa vifike. Kilikuwa kipindi kile ambacho wadudu wa ziwani wanapanda kama moshi juu ya maji, upepo ukija upande wa mjini wanakuingia mdomoni. Nilikuwa nimebadilika mwili bila kujua. Shingo ilikuwa inauma kwa kugeuza sikio la kulia mbele kila wakati, hata kwenye picha ya kitambulisho nimekaa upande kama kuku anayetazama mwewe. Kila jioni nilikuwa na uchovu wa mtu aliyelima, kumbe nimefanya kazi ya kukisia maneno tu. Sauti yangu nayo ilikuwa imepanda, nikawa namfokea mwenye duka nikiomba kiberiti tu.

Siku ya kuvaa, Tumaini aliniunganisha na kompyuta yake, akabonyeza. Akasema kitu cha kawaida kabisa. Alisema, "Sasa sema samaki." Nikaisikia ile S mdomoni mwake na kisha mwangu, kali, mpya, kama mtu amewasha kiberiti. Nikasema samaki. Nikasema sato, sangara, sufuria, shuka, shemeji. Tumaini aliniacha nikaendelea.

Sitawadanganya kwamba siku zile za mwanzo zilikuwa raha. Dunia ina kelele za kijinga sana. Mfuko wa plastiki unapiga kelele kama moto wa nyikani. Kanga yangu ilikuwa inachakacha pembeni nilipotembea, nikageuka mara mbili kutazama nani ananifuata. Nilikula karanga nikaacha, nikaona kwa kelele za kutafuna nawakera watu. Vitumbua vikikaangwa vinanong'ona. Masikio yaliwasha, yakawa mekundu ndani, nikapakaa mafuta niliyopewa. Kila baada ya saa kadhaa nilivitoa vile vifaa nikavifunga kwenye leso, nikarudi kwenye kimya changu cha zamani, na nasema kweli, kulikuwa na raha yake.

Na alikuwapo wifi. Sauti iliyoniokoa sasa ilikuwa adhabu. Alinisalimia asubuhi ya kwanza nina vifaa masikioni, nikadondosha birika. Nikaanza kumkwepa. Nikimwona anakuja navitoa. Alitambua haraka, maana si mjinga, na akanuna. Aliwaambia bata wake, kwa sauti ambayo Buswelu yote ilisikia, kwamba mtu akishapata masikio ya dukani hana haja tena na ndugu.

Niliporudi kwa Tumaini kurekebishiwa, aliniuliza sauti gani zinanisumbua. Niliona haya, nikasema, mfuko wa plastiki, birika, na wifi yangu. Akauliza huyo wifi yuko wapi. Nikasema yuko nje, anaita majina.

Akaitwa ndani. Tumaini alimwomba akae, aongee kwa sauti yake ya kawaida, huku yeye akitazama mistari kwenye kompyuta. Wifi akaanza kusimulia safari ya kutoka Magu. Mistari ikagonga juu ya kioo ikabaki huko. Tumaini akamwomba apunguze. Wifi akasema amepunguza.

"Sawa mama," Tumaini akasema. "Basi nitamwekea Mwalimu dari. Wewe ongea utakavyo, ikifika pale haipiti."

Wifi akauliza: "Dari unaniwekea mimi, au unamwekea yeye?"

"Namwekea yeye."

"Basi weka," wifi akasema, "lakini usiishushe sana, nisije nikawa kama kaka yangu."

Aliendelea kusimulia, Tumaini akibonyeza kidogo kidogo, na mimi nikamsikia wifi anashuka kutoka mlimani hadi akakaa mbele yangu, sauti kamili, maneno yote, bila kunipiga. Nilimwambia hapo ni pazuri. Aliniuliza kama anasikika vizuri. Ndipo nikagundua kwamba ana sauti nzuri, yenye mchanga kidogo. Sikuwahi kuisikia vile kwa sababu sikuwahi kuwa mbali nayo vya kutosha.

Kwa ajili ya darasani Tumaini aliviwekea vifaa mpangilio wa peke yake, unaopunguza vishindo vya madawati na kufuata sauti za watoto. Wiki ya kwanza sikuwaambia. Niliandika ubaoni mgongo ukiwa kwao, nikasikia mtoto ananong'ona, Mwalimu Eeh leo amependeza. Nilijua ndiye mimi. Niligeuka nikasema ahsante. Kimya kilichofuata sijawahi kukipata kwa fimbo.

Haya yote ni ya kuchekesha, na tulicheka. Lakini lililonifanya nikae chini kuandika ni jingine.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Nilikuwa uani, nimepiga goti kwenye beseni, naparua sato, nimejifunga kilemba kinachofunika masikio. Baba Neema alitoka ndani, akavuta kigoda, akakaa nyuma yangu karibu na ukuta. Sikushtuka, alikuwa akikaa pale mara nyingi. Miezi yote hiyo nilidhani anakuja kutazama samaki.

Akaanza kuongea. Kwa sauti ileile ya chini, bila kuinua, kama mtu anayesali. Alisema leo asubuhi karibu na kona ya kuingilia kiwandani aliona mfuko mweupe katikati ya barabara, akataka kuupita juu. Mfuko ukasogea. Alikuwa mama mmoja amebeba ndoo, amevaa gauni jeupe. Alikanyaga breki, watu wakaangukiana, wakamtukana.  Alisema macho yameondoka, anaona kila kitu kama kupitia maji ya mchele, na jua la asubuhi likimpiga haoni kabisa. Hajui amwambie nani. Kazi ni hiyo moja anayoijua.

Kisu kilikuwa kimesimama kwenye mgongo wa samaki. Nilielewa mambo mawili kwa mpigo. Kwamba mume wangu anaendesha basi lililojaa watu huku haoni. Na kwamba amekuwa akikaa nyuma yangu miezi yote, akiniambia yaliyomo moyoni mwake, kwa sababu alikuwa na uhakika sisikii.

Niliogopa kugeuka. Nilijua nikigeuka, mdomo ule utafungwa chini ya masharubu usifunguke tena. Nikaendelea kumtazama samaki.

Nikasema, "Tangu lini?"

Kigoda kililia. Nikasikia bata wanachakura maji upande wa pili wa uzio.

"Unasikia?" akauliza.

"Nasikia."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumanne ile nilipotoka kurekebishiwa. Ukija hapa mimi nilikuwa sijavaa, leo nimevaa."

 Kisha akauliza, kwa wasiwasi wa kweli, kama nilisikia aliyoyasema Alhamisi kuhusu dada yake. Nikamwambia hayo sikuyapata. Akasema afadhali.

Ndipo nikageuka. Nikamwambia Jumatatu haendeshi. Akasema tutakula nini. Nikamwambia yule mama mwenye ndoo naye ana watu wanaomsubiri nyumbani. Akasema labda amalizie mwezi, avae miwani ya jua, aende polepole. Tungebishana hadi jioni, na pengine angenishinda, maana huwa ananishinda kwa kunyamaza. Lakini nyuma ya uzio sauti moja iliuliza, macho ya nani?

Nikamwambia wifi si kitu. Wifi akasema hapana, amesikia macho, na kaka yake kuanzia zamani alikuwa akimpita kuku bila kumwona, na yeye alisema, na hakuna aliyemsikiliza. Aliyasema hayo yote kutoka kule kwa bata wake. Kwa hiyo yakasikika kwa mwenye duka, kwa fundi baiskeli, na kwa wafanyakazi watatu wa kiwandani wanaopanga nyumba ya jirani, ambao asubuhi ile walikuwa wameangukiana ndani ya basi. Walikuja mmoja mmoja kumpa pole. Mmoja wao akasema kwa heshima kabisa kwamba Jumatatu wataenda kwa miguu. Baba Neema akachukua simu akampigia msimamizi wake.

Ilikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Tukarudi hospitali ileile, jengo lingine, mabenchi mengine, na huko shida si majina kuitwa, ni kuuona mlango. Watu walisimama wakaelekea ukutani. Nilimshika mkono.  Walimfanyia upasuaji jicho moja vuli inaanza, la pili vuli ikiwa katikati, na kati ya hayo mawili alikaa sebuleni amevaa miwani nyeusi kama mpiga gitaa, anakataza bata wasiingie.

Siku walipomtoa plasta ya jicho la kwanza alinitazama muda mrefu. Nilingoja aseme la maana. Akauliza vile vitu nyuma ya masikio yangu vina rangi hiyo kweli? Alikuwa anajua vipo, lakini hakuwahi kuviona. Alidhani ni vyeusi. Kisha akasema nywele zangu zimekuwa nyeupe mbele na hakuna aliyemwambia, na ukuta wa sebule nani aliupaka rangi ile. Nikamwambia ni yeye.

Paa la Magu liliezekwa. Wifi aliondoka na tenga lake, akaniachia bata jike mmoja ambaye sikumwomba, nikasema ndiyo, na safari hii nilikuwa nimesikia vizuri. Nyumba ilikuwa na kimya siku ile, hata nikagusa vifaa kuona kama betri zimekufa.

Wewe unayeanza safari hii, nakuambia machache. Usivitupe kabatini wiki ya kwanza kwa sababu ya kelele, rudi urekebishiwe, na urudi tena, maana mtaalamu hawezi kujua birika lako linavyolia. Mpeleke na yule anayekuumiza masikio. Vitoe ukienda kuoga. Ukishindwa kusikia, sema sijasikia, hata mara ya nne, usije ukaletewa bata. Yule mbu wangu bado yupo. Hakuondoka, lakini siku hizi ana mengi ya kushindana nayo, akaamua kuwa mdogo.

Baba Neema alirudi kwenye basi baada ya daktari kumruhusu. Nilimwambia sasa tunaweza kuongea kama watu, tukae mezani, uso kwa uso, yeye ananiona na mimi namsikia. Tulijaribu. Alinitazama, akatazama kikombe, akasema mvua zimekuwa nzuri mwaka huu. Nikasema kweli. Akasema mahindi yatapatikana. Baada ya hapo hatukuwa na la kuongeza.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda uani na beseni langu. Nikasikia kigoda kinavutwa nyuma yangu, kinawekwa karibu na ukuta. Sikugeuka. Nilifunga bomba, nikaanza kuparua taratibu sana, ili magamba yasipige kelele.